Mtoto Aliyeamkiwa Shikamoo

Nyumbani kwetu, katika kijiji kilichozungukwa na misitu ya miombo upande wa Sikonge, alikuwapo mtoto mmoja aliyeamkiwa na baba yake mzazi. Kila asubuhi, kabla hajapanda baiskeli kwenda shambani, baba aliinama kidogo mbele ya mdogo wangu wa kiume, ambaye bado alikuwa akivaa shati tupu bila kaptura, akasema, "Shikamoo, baba." Mdogo wangu alijibu, "Marahaba," kwa ile sauti nzito aliyofundishwa na bibi, kisha akaendelea kula kiporo chake cha viazi.

Mgeni angecheka. Sisi hatukuona la kuchekesha, kwa sababu hatukumwona mtoto. Nilisimuliwa kwamba alipozaliwa alilia mfululizo, akakataa ziwa, akageuka rangi. Wakubwa walikaa kumzunguka wakataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lilipofika jina la babu, mzazi wa baba yangu, mtoto alinyamaza. Ikawa basi. Aliyerudi amerudi. Bibi, ambaye alikuwa mjane wa babu, alimwita "mume wangu" na kumwekea kipande cha paja la kuku. Baba alimwita baba. Nasi dada zake tulimwita Babu, tukampigia magoti, tukamwachia kigoda.

Aliyepata shida kuliko wote ni mama. Kwake, yule aliyemzaa alikuwa sasa ni baba mkwe. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, mkwe wa kike hamkodolei macho baba mkwe, hali naye sahani moja, hamgusi bila sababu, wala hapandishi sauti mbele yake. Mama alimnyonyesha akiwa ametazama pembeni. Alipomwogesha alikuwa akimwomba radhi: "Samahani, baba, nakumwagia maji." Wanawake wa jirani walidhani ni mchezo, kama ilivyo kwa wengine wengi wenye kuita watoto wao majina ya wakubwa. Kwao ulikuwa mchezo wa asubuhi, na jioni mtoto akivunja chungu alichapwa kama wenzake. Mama yangu hakujua kucheza. Aliolewa akiwa mdogo katika nyumba ya mzee mkali, na alipopata nafasi ya kupumua baada ya mazishi ya mzee huyo, akajikuta amemzaa.

Huyo babu wa kwanza alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilining'inia hadi mbali msituni, na inasemekana hakuna mtu aliyewahi kumwambia "hapana" akabaki na amani. Asali mbovu ya mwisho wa msimu bibi aliipikia wanzuki, pombe ile ya asali inayochachuka kwa siku chache, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha babu. Alipokufa, bibi alikimwaga kwenye nguzo ya jiko. Alipozaliwa mdogo wangu, bibi aliona hakuna haja ya kuupa udongo kitu ambacho mwenyewe ana mdomo wa kukipokea. Akaanza kwa kuchovya kidole. Baadaye ikawa kijiko. Mdogo wangu alipoanza shule, alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, na hakuna mtu mwingine aliyekinywea.

Nieleze kwamba sisi ni Wamoraviani, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hakuigusa maisha yake yote. Bibi alipotoa kile kikombe, baba alitoka nje kuangalia mbuzi. Niliwahi kumuuliza, nikiwa msichana mkubwa, kwa nini hamkatazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei juu ya maji.

"Mwanangu, wewe unaweza kunikataza mimi?"

"Hapana, baba."

"Basi na mimi siwezi kumkataza baba yangu."

Ujana wa mdogo wangu ulikuja kama moto wa kiangazi. Alikuwa na akili nyepesi na mkono mwepesi zaidi. Alitoroka shule akaenda kuogelea bwawani. Alimng'oa mwenzake jino kwa ugomvi wa goroli. Aliuza mpira wa baiskeli ya baba kisha akaapa kwamba umeibwa na wapita njia. Aliwasha moto chini ya mzinga wa jirani ili kuona nyuki wanavyofanya. Watoto wa namna hiyo wako kila kijiji. Lakini wenzake walipokosea walikutana na mtu: mama wa kufoka, mjomba wa kumkalisha chini, baba wa kumpeleka akaombe radhi. Yeye alipokosea alikutana na watu wanaomwogopa. "Babu amekasirika," bibi alisema, akitafuta ni nani aliyemkasirisha. Na mimi, mkubwa wake kwa miaka, nilipopigwa kofi kwa kuchelewa kumletea maji, niliambiwa nimwombe msamaha.

Siku moja baba aliitwa shuleni. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, amempiga teke mwalimu wa zamu. Mimi nilikuwa likizo ya chuo cha ualimu, nikamsindikiza baba. Ofisini, mwalimu mkuu alisoma makosa yote, akafunga faili, akasema kwa upole:

"Mzee, nimemaliza. Sasa nataka nimsikie mzazi. Mkaripie mwanao hapa mbele yangu, nione kama nyumbani ana mtu."

Baba alisimama. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu mdogo wangu, akiwa amepiga magoti sakafuni na kamasi zikimtoka.

Mwalimu mkuu alidhani anadhihakiwa. "Mzee, huyu ni mwanao au ni baba yako?"

"Ni vyote viwili, mwalimu."

"Basi mmoja wenu amrudishe mwenzake nyumbani, na mimi sitaki kumwona mpaka nijue ni nani mkubwa."

Njia nzima mdogo wangu alikuwa akimwiga mwalimu mkuu na kucheka, na baba alisukuma baiskeli. Mimi peke yangu niliona kile nilichokiona pale ofisini kabla baba hajaamkia: kwa muda mfupi sana, uso wa mdogo wangu ulikuwa umeinuliwa, ukingoja. Nimesimama mbele ya vijana wengi tangu hapo, na uso huo naujua. Ni uso wa mtoto anayetaka agongane na ukuta ili ajue nyumba inaishia wapi.

Hakurudi shule. Alikwenda kwenye kambi za asali, akaenda kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, ambako vijana hukesha na moto, na anayekesha hutafuta cha kumpasha mwili joto. Wanzuki ikawa maji ya kunawia tu, akahamia gongo. Alioa, akapata watoto, mkewe akachoka akawachukua watoto akarudi kwao Tura. Bibi alikufa, baba akafuata. Na mdogo wangu, mwenye mvi sasa, akaishia katika chumba cha uani nyumbani kwangu, hapa mjini Tabora, kata ya Kitete, pamoja na mama ambaye hata hapa alimpelekea chakula akiwa amegeuza uso.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari. Nimesomea mambo haya, na ninayafundisha kwa walimu vijana. Nawaambia kwamba mtoto anayeanza mapema kupigana, kudanganya na kutoroka, na asipate mkono wa kumzuia ambao pia ni mkono wa kumshika, yuko karibu zaidi na chupa kuliko wenzake. Yuko karibu zaidi; hayumo ndani yake bado. Nawaambia kwamba wengi hugeuka, kwamba utukutu si utabiri, na kwamba fimbo peke yake humsukuma kulekule tunakotaka asiende. Nayasema yote hayo kwa sauti ya darasani. Kisha narudi nyumbani, nafungua geti, nasikia kikohozi kutoka uani, na elimu yangu inakaa nje kama viatu.

Mwaka jana binti wa mdogo wangu alikuja kwa treni kutoka Tura akiwa na mtoto wake wa kwanza, mvulana. Mtoto alilia. Alilia asubuhi, alilia mchana, miguu ameikunja tumboni. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema ni tumbo la watoto wachanga, litapita lenyewe. Mama alikuwa akingoja barazani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hana ugonjwa, mama."

"Wao wanatafuta ugonjwa. Huyu anatafuta jina."

Nilijua anakoelekea, nikajaribu kumzibia njia. "Jina la babu lina mwenyewe, mama. Yuko uani."

Mama alishusha sauti, ingawa haikushuka vya kutosha. "Babu amemhama. Mtazame mwenyewe. Nyumba ikibomoka mwenye nyumba anakaa? Amehama, anatafuta pa kuingia."

Dirisha la uani lilikuwa wazi. Nilisikia kitanda kikilia.

Katika ukoo wetu, shangazi ndiye anayempakata mtoto jina linapotajwa, na shangazi aliyebaki ni mimi. Nilizungusha jambo hilo kichwani wiki nzima na kila pembe ilikuwa na ukuta. Nikikataa, na mtoto apatwe na lolote, hata mafua, nitakuwa ndiye niliyemfungia babu mlango. Binti mwenyewe, aliyekuwa hajalala, alianza kuniambia, "Shangazi, labda tumpe tu, apumzike." Nikikubali, nitakuwa nimempokonya mdogo wangu kitu pekee alichowahi kuwa, na nimekiweka mikononi mwa mtoto asiyejua hata kushika kidole. Nilikuwa nimeshaona jinsi kinavyokwenda: kidole, kijiko, kikombe.

Jumamosi tukakaa sebuleni, mikeka imetandikwa. Alikuja pia mtani wetu, bibi wa Kizaramo aliyeolewa mtaa wa pili, kwa kuwa shughuli haikamiliki bila mtani wa kuichafua. Alipomwona mama akifunua chupa ya wanzuki na kutoa kile kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu, akapiga kofi.

"Wanyamwezi nyie! Mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani, mabega yakaota sugu. Sasa mnambebesha mtoto mchanga mzigo wa maiti!"

"Na nyie Wazaramo," mama akajibu bila kuinua macho, "mlikuwa mmekaa mnakula nazi mkitungoja tufike."

"Tuliwangoja ndiyo. Na huyo babu yenu tungemwona pwani tungemrudisha. Babu gani analala mtaroni?"

Watu wakacheka. Wakati huo ndipo mdogo wangu alipoingia. Alikuwa amenawa, amevaa shati alilovaa siku ya kumzika baba, vifungo vimekosana na matundu. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, kwa hiyo nilijua hajanywa tangu jana. Hakukaa kwenye kiti walichomwachia. Alikuja mpaka kwenye mkeka nilipokuwa nimempakata mjukuu wake, akapiga goti moja, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe akasema:

"Shikamoo, dada."

Sijui niliwaza nini. Nilikuwa nimefika umri wa miwani bila kuamkiwa na mdogo wangu. Neno dogo kuliko yote katika nyumba yoyote, na kwetu halikuwahi kutamkwa.

"Marahaba," nikasema.

"Usimpe, dada," akaninong'oneza. "Mimi nitakaa nalo mpaka nife nalo. Nizikeni nalo."

Nadhani alikuja kulizuia jina kwa mwili wake, kama mtu anayejilaza mlangoni. Lakini mama alikuwa amesikia neno moja tu, na akalipigia kigelegele.

"Mmesikia? Ameamkia! Lini babu akamwamkia mjukuu? Ametoka! Huyu ni mwanangu mtupu sasa, ametoka!" Alikuwa akilia kwa furaha, na alimtazama mdogo wangu usoni, moja kwa moja, pengine kwa mara ya kwanza. Kisha akachovya kidole kwenye kikombe, akaja kwa magoti kuelekea kwenye mdomo wa mtoto uliokuwa wazi kwa kilio.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na mtoto. Wa kulia ukachukua kikombe kutoka kwa mama. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, ambaye sijawahi kuonja pombe, nikakinywa chote. Kilikuwa kitamu kwanza, kisha kikachoma. Nakumbuka nilifikiri kwamba kikiwa tupu hakuna cha kuchovya. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mtani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Heee! Mwalimu kakata kiu kwa cha marehemu! Basi kaingia kwako! Shikamoo, babu! Babu mwenye kitenge!"

Sebule nzima ikacheka, hata binti, hata mdogo wangu aliyekuwa bado amepiga goti. Mama hakucheka. Nimeshasema kwamba hakujua kucheza. Alinitazama, akatazama kikombe, kisha taratibu akavuta khanga kichwani, akageuza uso pembeni, akayashusha macho yake hadi kwenye mkeka.

"Shikamoo, baba," akaniambia.

Kicheko kikazimika. Mtani mwenyewe alishika mdomo. Ningeweza kusema, "Mama, acha." Nilikuwa na neno hilo ulimini. Lakini mtoto alikuwa akilia mikononi mwangu, na chupa ilikuwa bado na wanzuki, na nilitambua kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikiliza mwalimu, ila wote wangemsikiliza Babu.

"Marahaba," nikasema, kwa ile sauti nzito ambayo bibi alimfundisha mdogo wangu nami nikiwa nasikia. "Mtoto apewe jina atakalopenda mama yake. Asiamkiwe na mtu aliyemzidi umri. Akikosea, akaripiwe. Kikombe hiki kisiguse mdomo wake."

"Ndiyo, baba," akasema mama.

Mtoto alipewa jina jepesi ambalo hakuna marehemu wetu aliyewahi kuwa nalo. Aliendelea kulia wiki kadhaa, kisha tumbo likapita lenyewe, kama hospitali walivyosema. Sasa anatambaa. Mama yake ananipigia simu kutoka Tura kuniambia kwamba amemwaga uji na amekaripiwa, nami nacheka peke yangu jikoni.

Nacheka peke yangu kwa sababu mama hali tena nami. Zamani tulikula sahani moja. Alinisema kwa ugali mwepesi, alinivuta sikio kwa kupaka nywele rangi nikiwa mtu mzima. Siku hizi anakula nyuma ya mlango. Nikimuuliza kama miguu inamuuma, hujibu, "Sijambo, baba," akitazama ukuta. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa machozi, nimemleta mchungaji. Anasikiliza kwa heshima yote, kama mkwe mwema. Na kila Jumamosi huagiza chupa ndogo ya wanzuki na kuweka kikombe mezani kwangu. Nakimwaga kwenye sinki huku bomba likiwa wazi, ili harufu isifike uani. Siwezi kumwambia asilete. Akiamini Babu amekataa kikombe, ataamini amehama tena, na anajua treni ya Tura inaondoka lini.

Mdogo wangu hajaacha kunywa. Kuna majuma anayoshinda na kuna majuma anayoshindwa. Nampeleka kliniki, anakwenda, anatoroka, anarudi. Lakini kila asubuhi husimama mlangoni pa jiko akaniamkia. "Shikamoo," husema, na hapo hukoma. Haongezi dada. Haongezi babu. Nami naitikia nisijue ni nani ameamkiwa.

Jumamosi iliyopita aliniamkia hivyo, na kikombe kilikuwa bado mezani, nilikuwa sijakimwaga. Alikiona. Nyuma ya mlango mama alikuwa akipepeta mchele, ungo ukienda na kurudi, mapumba yakianguka.

"Usikiguse," nikamwambia.

Uso wake ukainuka. Ulikuwa uso uleule wa ofisini kwa mwalimu mkuu, ukiwa na makunyanzi tu.

"Nani anasema?" akauliza, si kwa ukorofi. Alikuwa akitaka kujua kweli.

Ungo ukasimama.

Jibu la kweli lilikuwa dogo, "dada" tu, na alikuwa amelingoja tangu akiwa mvulana. Nilimtazama yeye, nikautazama mlango ambao nyuma yake mtu alikuwa ameshikilia pumzi.

"Babu," nikasema.

Aliinamisha kichwa. "Ndiyo, babu," akajibu, akageuka, akaelekea uani polepole. Nikachukua kikombe, nikafungua bomba. Nyuma ya mlango, ungo ukaanza tena kwenda na kurudi.